Kutoka Kikwajuni hadi Maskati: Mwendo, Majira na Saa

Mtaa wa Kikwajuni ni miongoni mwa mitaa ya Ng'ambo, yaani ule upande wa mji wa Unguja uliokuwa ukitengwa na Mji Mkongwe kwa hori ya maji ambayo ilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Jina la mtaa lajieleza lenyewe, kwani ni mkwaju uliofanywa mdogo kwa kiambishi ki- kisha ukatiwa -ni ya mahali. Jina la Ng'ambo ndilo lataka kutazamwa kwa makini zaidi. Neno hili humaanisha upande wa pili wa maji, wala halisemi maji hayo yana upana gani. Mtu aliyevuka pale Darajani kwa hatua chache alikuwa amekwenda ng'ambo, na mtu aliyevuka Bahari ya Hindi akafika Arabuni au Ulaya naye pia alikuwa amekwenda ng'ambo. Waliozoea neno hilo walijua vyema tofauti ya hori na bahari, ila masafa waliyapima kwa kipimo ambacho ramani haikionyeshi.

Kwa hesabu ya leo, kutoka Unguja hadi Maskati ni kilomita 3,900 hivi kwa mstari wa moja kwa moja, na ndege hukamilisha mwendo huo kwa muda wa saa tano au zaidi kidogo. Kutoka Unguja hadi Berlin ni kilomita 7,000 hivi, karibu mara mbili ya masafa ya kwanza. Miji hii miwili imechaguliwa hapa kwa sababu historia ya Kikwajuni yaigusa yote miwili, na kwa sababu tarakimu hizo, ingawa ni za kweli, haziwezi kumwambia mtu ni mji upi uliokuwa karibu na upi uliokuwa mbali. Safari za Unguja tangu zamani zilihesabiwa kwa muda wa kwenda pamoja na kurudi, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ni kungoja.

Yafaa kuanza na pepo. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, ikaleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, ikavirudisha. Baina yao kuna malelezi, ambayo wengine huyaita maleleji, wakati upepo unapogeuka na nahodha asiweze kuutegemea. Hata kusi yenyewe haikuwa nzuri kwa muda wote; katika miezi ya Juni na Julai bahari ya Arabuni huchafuka mno, na vyombo vikubwa vya matanga viliona heri kuwahi mwanzo wake au kungoja mwisho wake. Kwa hivyo mlango wa kurudi ulikuwa mwembamba kuliko vitabu vingi vinavyouonyesha.

Njia ya baharini kutoka Unguja hadi Maskati, kwa kufuata pwani ya Somalia na kuizunguka Ras al-Hadd, haipungui sana maili za baharini 2,200. Chombo chenye mwendo wa maili nne kwa saa, usiku na mchana, huikata kwa siku 23. Mwendo huo waaminika kwa baghala au bumu lililobeba mzigo na kupata upepo mwema. Chombo kilichotia nanga Mogadishu, Lamu na Mombasa kwa ajili ya biashara kilichukua muda mrefu zaidi, lakini kwa makadirio ya safari isiyo na vituo yatosha kuchukua siku 25. Ikiwa kwenda ni siku 25 na kurudi ni siku 25, jumla ni siku 50. Na mwaka wa jua una siku 365. Mfanya biashara wa Maskati aliyeshuka na kaskazi akafika Unguja mwezi wa Januari hakuweza kurudi kabla ya Aprili. Na mtu wa Unguja aliyepanda na kusi akafika Maskati mwezi wa Mei hakuwa na njia nzuri ya kurudi kwao mpaka Desemba. Siku 50 zilikuwa za baharini, na siku zaidi ya 300 zilikuwa za bandarini, au za nyumbani akiwa ni mwenye nyumba huko. Atakayesema kwamba safari ya Maskati ilikuwa ya siku 25 amesema kweli, lakini ni kweli ya chombo. Kwa msafiri, ilikuwa ni safari ya mwaka.

Mambo mengi katika maisha ya Unguja yalitokana na siku hizo 300 kuliko yalivyotokana na zile 50. Deni lilitolewa kaskazi hii ili lilipwe kaskazi ijayo. Nyumba zilipangishwa kwa majira. Tende, papa wakavu na mazulia yalishushwa upande wa Malindi na Funguni. Karafuu na boriti zikapakiwa baada ya bei kuzungumzwa kwa majuma mengi, kwani hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka kabla ya upepo kugeuka. Mgeni alioa, akazaa, akaacha mke wa Unguja na mke wa Sur au Maskati. Lugha nayo ilipata faida yake katika kungoja huko: mabaharia ambao wangalipakua na kuondoka siku ya pili wasingalijifunza Kiswahili wala kuacha maneno yao nyuma. Neno msimu, linalotokana na Kiarabu mawsim, ni kumbukumbu ya hali hiyo.

Hesabu ya safari za namna hii isingewezekana kwa kalenda ya miezi mwandamo peke yake, kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na Ramadhani inayoangukia kaskazi leo itaangukia kusi baada ya miaka kadhaa. Mabaharia wa pwani walishika mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, ambao Makunduchi ungali ukisherehekewa kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa kwa miongo, na kila mwongo ulikuwa na siku kumi. Ilitosha kutaja mwongo, na mwenye ujuzi akafahamu upepo gani utavuma na kama inafaa kusafiri. Msomaji wa leo atalitambua neno hilo kwa maana nyingine: mwongo, au muongo, katika magazeti na vitabu vya sasa ni kipindi cha miaka kumi. Kipimo cha baharia kimehamia katika hesabu ya wanahistoria, na katika kuhama kwake siku zimekuwa miaka.

Neno mwendo lilibaki mahali pake. Mwendo ni kitendo cha kwenda, ni namna ya kwenda, ni kasi, na tena ni masafa yenyewe: mahali fulani ni mwendo wa siku tatu, au mwendo wa saa moja kwa miguu. Neno masafa lililotoka Kiarabuni, na umbali lililojengwa juu ya mbali, yanaweza kuitaja nafasi bila ya kutaja wakati. Mwendo haliwezi. Yule asemaye leo kwamba Maskati ni mwendo wa saa tano anaitumia lugha kama walivyoitumia wazee wake, ingawa kilichobebwa na neno hilo kimekuwa chepesi mno.

Jinsi upepo ulivyomtawala hata mwenye kutawala yaonekana katika safari ya mwisho ya Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 huku akiendelea kuitawala Oman. Mwezi wa Aprili 1854, mwanzo wa kusi, alipanda kwenda Maskati. Mwanawe Khalid, aliyeachiwa Unguja, alifariki mwezi wa Novemba mwaka ule ule, baba yake akiwa mbali. Said hakuanza safari ya kurudi mpaka Septemba 1856, wakati kaskazi bado haijaanza. Tarehe 19 Oktoba alifariki ndani ya manowari yake Victoria karibu na visiwa vya Shelisheli. Atazamaye ramani atashangaa kuona kwamba chombo kitokacho Maskati kwenda Unguja kilikuwa maili za baharini karibu 1,000 mashariki ya Unguja. Lakini chombo cha matanga kinachotaka kwenda kusini kabla ya majira yake hulazimika kwenda nje sana baharini kutafuta upepo utakaokirudisha. Katika Unguja, watu wa nyumba yake walikuwa wakimngoja bila ya kujua kama ameondoka Maskati au hajaondoka, na Majid aliyekuwa akishika mahali pake hakupata habari ya kifo mpaka maiti ilipowasili. Hapakuwa na habari iliyoweza kukitangulia chombo.

Kuna waliosafiri katika njia hiyo hiyo ambao hesabu ya kwenda na kurudi haiwahusu hata kidogo. Watumwa waliopakiwa kutoka Unguja kwenda Arabuni walikwenda na kusi kama wengine, kwa siku zile zile, katika vyombo vile vile. Mkataba uliotiwa saini na Said pamoja na Waingereza mwaka 1845, ukaanza kutumika mwaka 1847, ulikataza kuwapeleka watumwa kutoka milki zake za Afrika kwenda Arabuni. Biashara ikaendelea kwa siri, na soko la Unguja halikufungwa mpaka mkataba wa Juni 1873 wakati wa Seyyid Barghash. Kwa watu hao kaskazi haikuwa na maana. Maskati kwao haikuwa mwendo wa siku 25 wala wa mwaka, kwa sababu mwendo usio na marejeo hauna kipimo. Habari za safari za majahazi zilizoandikwa kwa kuyasifu matanga na nyota huwasahau mno.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Kiswahili kiliihifadhi khabari hiyo ndani ya neno meli, ambalo asili yake ni neno la Kiingereza la posta: chombo kilichukua jina la mzigo wake. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ukaiunganisha Unguja na Aden, na kwa mara ya kwanza habari ikakitangulia chombo. Lakini kwa msafiri wa Maskati faida ya meli haikuwa kubwa kama inavyodhaniwa. Njia za meli zilifuata barua na biashara ya Bombay na Ulaya, na aliyetaka kwenda Maskati kwa meli mara nyingi ilimbidi kuzungukia Bombay au Aden na kungoja chombo kingine. Meli iliukata utumwa wa upepo ikaleta utumwa wa ratiba. Kwa hiyo majahazi hayakufa. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu la Kuwait mjini Aden mwezi wa Desemba 1938, akashuka nalo hadi Unguja na Rufiji, akarudi nalo Kuwait mwezi wa Juni 1939, kwa kaskazi na kusi zile zile zilizomchukua Seyyid Said.

Wakati Villiers akiwa safarini ndege zilikuwa zimekwisha kuzoeleka pwani. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilikuwa ikifika Unguja katika miaka ya 1930. Na tangu 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua Mombasa na Dar es Salaam katika njia yao ya kwenda Durban. Mwaka 1946 likaanzishwa shirika la East African Airways, ambalo Unguja ilikuwa na fungu lake pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika, likadumu mpaka 1977.

Wataalamu wa lugha watapendezwa na namna Kiswahili kilivyokipokea chombo hiki. Eropleni lilijaribiwa, likasikika kwa muda, kisha likashindwa na ndege. Sarufi ikaingia kati kuondoa shaka: ndege mwenye mbawa za manyoya ametua, ndege yenye mbawa za bati imetua. Mambo mengine yote yalitoka baharini. Msafiri ni abiria, malipo yake ni nauli, mzigo ni shehena, na chombo chenyewe ni chombo cha anga. Mwongozaji ameitwa rubani, jina la yule aliyekiongoza chombo katika miamba na mikondo mpaka bandarini. Nahodha hakupanda angani. Amebakia katika meli, na baadaye akaingia katika viwanja vya mpira. Uteuzi huo una maana. Nahodha wa jahazi alikuwa ndiye mwenye kuamua kama chombo kisafiri leo au kingoje, na mara nyingi alikuwa mfanya biashara pia. Rubani kazi yake ilikuwa ni kuijua njia. Chombo kisichongoja upepo kilimhitaji wa pili.

Saa za ndege zilileta taabu ndogo ambayo haijakwisha. Siku ya kale ya Unguja huanza jua linapotua, na kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao ratiba ya ndege huuita bado Alhamisi. Tahadhari ya kusema usiku wa kuamkia Ijumaa imeokoa tikiti nyingi. Tena Maskati imeitangulia Unguja kwa saa moja. Aondokaye Unguja saa nane mchana, akiruka kwa saa tano, hufika saa mbili za usiku kwa saa ya Maskati, naye huona amesafiri saa sita. Aondokaye Maskati saa tatu asubuhi hushuka Unguja saa saba mchana, na saa yake yamwambia amesafiri nne.

Ingetazamiwa basi kwamba kadiri mbawa zilivyozidi kasi ndivyo Maskati ilivyozidi kukaribia. Historia ya Kikwajuni yasema vingine. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea katikati ya kaskazi, majira ambayo upepo huleta vyombo Unguja wala hauvirudishi. Maelfu ya watu, wengi wao wenye nasaba ya Oman, walitoka au walitolewa katika miezi na miaka iliyofuata. Wala Oman yenyewe, chini ya Sultani Said bin Taimur, haikuwafungulia mlango kwa furaha. Wengi walikwenda Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza, na hawakuitwa Maskati kwa wingi mpaka Sultani Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970. Walioondoka hawakuweza kurudi, na waliobaki hawakuweza kutoka bila ya ruhusa ambayo ilikuwa ngumu kupatikana. Familia moja iliweza kuwa na ndugu mmoja Ng'ambo ya Unguja na mwingine ng'ambo ya bahari, wasionane kwa miaka kumi na mitano au ishirini. Jahazi la karne ya 19 lingaliwakutanisha katika mwaka mmoja. Ndege zilikuwapo, kilichokosekana kilikuwa karatasi, na majira ya karatasi hayakuandikwa katika kalenda yoyote.

Katika miaka hiyo hiyo Berlin ilikaribia. Serikali mpya ya Unguja ilifanya urafiki na Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na miongoni mwa matunda yake yalikuwa majumba ya ghorofa yaliyojengwa Kilimani na Kikwajuni kwa msaada wa wahandisi wa huko, kabla ya kuanza kwa majumba marefu zaidi ya Michenzani. Vijana wa Unguja walipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki. Mtu wa Kikwajuni ambaye babu yake alijua habari za Maskati kwa kila msimu, naye mwenyewe hapati barua ya huko, aliweza kuishi katika nyumba iliyochorwa na watu wa nchi ya Berlin na kuwa na mtoto anayesoma katika baridi ya Dresden au Leipzig. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameyaweka masafa haya mawili katika riwaya moja, By the Sea, ya mwaka 2001: humo mna mfanya biashara ajaye na kaskazi, na kijana aendaye kusoma Ujerumani Mashariki.

Hali haikudumu hivyo. Katika miaka ya 1980 milango ya Unguja ilianza kulegezwa, jamaa wakaanza kutembeleana, na Kiswahili cha Unguja kikasikika tena katika njia mbili badala ya kuishi Maskati kama lugha ya kumbukumbu. Ujerumani Mashariki nayo ilitoweka katika ramani tarehe 3 Oktoba 1990, na majumba yake yakabaki Kikwajuni yakikaliwa. Katika karne ya 21 ndege za Oman Air zimeruka moja kwa moja baina ya Maskati na Unguja. Aendaye Berlin kwa kawaida hubadilisha ndege Doha au Istanbul, akakaa bandarini kwa saa kadhaa akingoja chombo cha pili. Na kwa wote wawili, wa Maskati na wa Berlin, safari huanza kabla ya kiwanja cha ndege, tangu siku pasi ilipopelekwa kuombewa viza, na siku hizo za kungoja hakuna ratiba inayozihesabu katika mwendo.